Acheni Kuniuliza Penseli ya Walt Disney

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Safari hii alikuwa mzazi, amemleta kijana wake wa kidato cha pili na daftari lililojaa sungura, magari na wapiganaji wenye vifua vipana. Kijana ana mkono mzuri, hilo sibishi. Mzazi akasogeza kiti, akashusha sauti kama mtu anayeomba siri ya dawa: “Mwalimu, huyu Walt Disney alitumia penseli gani kumchora Mickey Mouse? Nataka nimnunulie mtoto ya aina hiyo hiyo.”

Nafundisha uhuishaji, yaani kazi ya kuzitia picha uhai ili zitembee. Swali hili limenichosha kuliko kompyuta zinazozimika kabla kazi haijahifadhiwa. Huja kwa sura nyingi. Wengine huuliza Disney alichora picha ngapi kwa siku. Wengine huuliza alisomea wapi kuchora. Wapo wasiouliza kabisa, wao hunifundisha: Walt Disney alichora kila kitu peke yake, usiku na mchana, ndiyo maana akafanikiwa, basi nami nitafanya peke yangu. Hao ndio wanaoniuma roho. Nakutana nao baada ya miaka 2 wana macho mekundu na sekunde 40 za katuni isiyokwisha.

Naandika basi mara moja, ili kuanzia leo atakayeniuliza nimkabidhi makala hii na kikombe cha chai.

Penseli iliyomtembeza Mickey kwa mara ya kwanza haikuwa mkononi mwa Walt Disney. Ilikuwa mkononi mwa Ub Iwerks.

Ushahidi haumo kwenye sanduku lenye kufuli. Umewekwa mwanzoni mwa katuni yenyewe. Fungua Steamboat Willie, ile iliyoonyeshwa kwenye ukumbi wa Colony mjini New York tarehe 18 Novemba 1928. Kabla panya hajapiga mluzi wake, hati ya maandishi inatangaza kwamba hii ni kazi ya Walt Disney, na papo hapo inataja kwamba imefanywa na Ub Iwerks. Majina mawili, kwenye skrini moja, mbele ya macho ya kila mtu. Fungua The Skeleton Dance ya 1929, ile ya mifupa inayocheza makaburini. Hati yake inasema waziwazi mchoraji ni nani, naye ni huyo huyo Iwerks. Kampuni iliandika. Watu hawasomi.

Majira ya kuchipua ya 1928, Disney alikuwa amenyang’anywa mhusika wake, sungura aitwaye Oswald, na karibu wachoraji wake wote walikuwa wamekwisha kusaini kwa msambazaji Charles Mintz. Waliobaki waaminifu walikuwa wachache, na kati ya wachoraji wakuu alibaki Iwerks. Wale waliokuwa wakiondoka walikuwa bado jengoni wakimalizia katuni za mwisho za Oswald. Iwerks alifungiwa chumbani peke yake achore katuni ya panya mpya bila wao kujua. Akigongewa mlango, anafunika panya kwa michoro ya sungura. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Plane Crazy, katuni ya kwanza ya Mickey kuchorwa, na mkono ulioihuisha ni mmoja.

Hesabu inayotajwa na watu wa fani ni kwamba kwa siku zake za kasi alifikisha michoro 700. Msomaji wangu anaipita namba hiyo kama anavyopita bei ya ndege. Tuipime. Siku ya kazi ya saa 8 ina dakika 480. Gawa kwa 700. Kila mchoro unapata sekunde 41. Ndani ya sekunde hizo mtu anaweka karatasi kwenye vishikizo, anatazama mchoro uliotangulia kupitia mwanga wa meza, anachora panya mzima akiwa amesogea kiasi kinachotakiwa, si zaidi wala si pungufu, kisha anachukua karatasi nyingine. Jaribu leo jioni na saa ya ukutani. Utakapofika mchoro wa 10 utaanza kuniheshimu.

Jibu la namna inavyowezekana limo kwenye umbo la Mickey. Watu hulitazama kama ufunuo. Mimi nalitazama kama fundi anavyotazama jiko la mkaa lililotengenezwa vizuri: kila kipande kiko pale kwa sababu. Kichwa ni duara. Masikio ni maduara mawili. Kiwiliwili ni kama pera. Mikono na miguu ni mipira ya kumwagilia maji, haina kiwiko wala goti, inapinda popote. Duara halina upande wa mbele wala wa nyuma, kwa hiyo Mickey akigeuka kushoto au kulia masikio yanabaki maduara yaleyale, na mchoraji hahangaiki kuyageuza. Ukiweka Oswald na Mickey bega kwa bega utaona ndugu wawili: ondoa masikio marefu, weka ya mviringo, punguza mkia wa manyoya, weka mkia mwembamba. Wahusika wengi wa miaka hiyo walijengwa hivyo. Hilo lilikuwa jibu la uchumi wa kazi. Studio yenye deni na mchoraji mmoja inahitaji mhusika anayechoreka kwa sekunde 41.

Na Walt? Walt alijua kuchora. Kule Kansas City, Missouri, alikokutana na Iwerks mwaka 1919 katika ofisi ya wachora matangazo, wote wawili walikuwa vijana wa 1901 wanaoishi kwa penseli. Mwanzoni mwa 1920 walifungua hata kampuni yao, ikaitwa Iwerks-Disney. Waliepuka kuigeuza kuwa Disney-Iwerks, maana kwa masikio ya mzungumzaji wa Kiingereza ingesikika kama karakana ya miwani. Haikufika mbali. Baadaye Walt akaanzisha studio ya Laugh-O-Gram, ikafilisika 1923, akapanda treni kwenda California. Huko Hollywood alichora kidogo kwa mkono wake. Mwaka 1924 akamwita Iwerks aje, na muda si mrefu akaiweka penseli chini. Hakuirudia kama kazi. Kwa hiyo Mickey alipozaliwa, mwenye kampuni alikuwa na miaka kadhaa bila kuhuisha.

Mtaniambia: lakini tumemwona kwenye filamu, amekaa mezani, nyuma yake picha za Mickey. Mmemwona, ndiyo. Kuanzia 1954 alikuwa mwenyeji wa kipindi chake cha televisheni, na televisheni inahitaji uso. Jina lake liliandikwa kwa herufi kubwa juu ya kila filamu, na saini ya kampuni mnayoijua ni jina lake lililorembwa likawa nembo. Mtu akiona nembo ya kiwanda kwenye sufuria hasemi mwenye kiwanda ndiye aliyeifua kwa nyundo. Kwenye katuni akili hiyo tunaiacha mlangoni.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba Walt mwenyewe hakuidai sifa hii. Alisimulia kwamba mtoto mmoja alimuuliza kama yeye ndiye anayemchora Mickey, naye ikabidi akiri kwamba hachori tena. Akajifananisha na nyuki mdogo anayepita sehemu moja ya studio hadi nyingine akibeba chavua na kuwachangamsha watu. Mwenye jina amekana. Nyinyi mnaendelea kumtetea. Hii ni sawa na kumlazimisha mgeni ale wakati ameshasema ameshiba.

Upo upande wa pili wa ujinga huu, nao unaongezeka. Mwanafunzi akishaambiwa habari za Iwerks, wiki inayofuata anarudi na hasira mpya: basi Walt ni mwizi, kipaji kilikuwa cha Ub, yule mwingine alikula jasho la mwenzake. Hadithi hii ni tamu kwa sababu inafuata methali tunayoipenda, kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama Ub ndiye alikuwa chema, alihitaji nini zaidi? Aondoke, achore, dunia itamfuata.

Aliondoka. Dunia haikumfuata. Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu sehemu hii ya maisha ya Iwerks ina faida kwa kijana wa daftari kuliko penseli zote za dukani.

Kufikia 1929 wawili hawa walikuwa wamechokana. Iwerks alipenda kuchora mfululizo, mchoro wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi tendo liishe. Walt alitaka achore mikao mikuu tu, kisha vijana wasaidizi wajaze ya katikati, ili mkono wa gharama kubwa usipotelee kwenye michoro ya gharama ndogo. Kibiashara Walt alikuwa sahihi, na studio zote zilikuja kufanya hivyo. Kisha kulikuwa na karatasi za mpangilio wa fremu, zile zinazoeleza kila mchoro ukae mbele ya kamera kwa muda gani. Iwerks alizipanga mchana. Walt alikuwa akirudi usiku na kuzibadilisha. Mhuishaji yeyote atakuambia kwamba ukimgusia mpangilio wake wa muda, ni afadhali umguse mfukoni.

Januari 1930, mwezi uleule ambao hadithi ya picha ya Mickey ilikuwa imeanza kutoka magazetini, michoro yake ya mwanzo ikiwa ya Iwerks huyohuyo, akaaga. Aliyemvuta alikuwa Pat Powers, yule aliyewapa Disney mtambo wa sauti kwa ajili ya Steamboat Willie. Iwerks alikuwa na asilimia 20 ya kampuni ya Disney. Aliiuza kwa dola 2,920. Tulieni kidogo kwenye namba hiyo, halafu tuendelee, maana kuililia hakumsaidii mtu. Alitoka pia Carl Stalling, mtunzi wa muziki, yule ambaye baadaye alikuja kutunga muziki wa katuni za Warner Bros.

Iwerks sasa ana studio yake, fedha za Powers, na usambazaji wa MGM, kampuni iliyokuwa ikitoa filamu za nyota wakubwa. Anaanza na chura aitwaye Flip. Katuni ya kwanza ya Flip, Fiddlesticks ya 1930, ilitengenezwa kwa rangi mbili na sauti, wakati Mickey alikuwa bado mweusi na mweupe. Aliajiri watu wenye uwezo: Grim Natwick, ambaye ndiye aliyemuumba Betty Boop, alikuja kufanya kazi kwake. Hata kijana mmoja aliyeanza kwa kuosha karatasi za seluloidi ili zitumike tena aliitwa Chuck Jones, na wenye kumpenda Bugs Bunny wanajua alikoishia. Mkono bora wa Hollywood, rangi, fedha, wasaidizi. Chema kimekamilika. Kijiuze sasa.

Hakikujiuza. Flip alikuwa chura kwenye katuni za mwanzo, kisha wakamwondolea uchura kidogokidogo hadi akawa kijana asiyeeleweka. Aliendelea hadi 1933 akatoweka. Akaja Willie Whopper, mtoto muongo anayesimulia visa, akaenda na upepo. Zikafuata katuni za rangi zilizoitwa ComiColor, zilizotegemea hadithi za zamani za watoto. Mwaka 1936 studio ikafunga milango.

Nimewahi kuwakalisha wanafunzi na kuwaonyesha katuni ya Flip na baada yake Three Little Pigs ya Disney ya 1933. Nawaomba waniambie tofauti bila kutaja rangi wala ubora wa mchoro. Wa kwanza kujibu vizuri alikuwa binti mkimya wa safu ya nyuma. Alisema: hawa nguruwe watatu wana miili inayofanana, lakini ukiwazimia sauti bado utajua yupi ni yupi kwa anavyotembea. Nilitamani kumpa mshahara wangu.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Iwerks aliweza kufanya kitu chochote kisogee. Ngazi, ng’ombe, mifupa, piano, vyote vilikuwa na mwendo wa kuchekesha. Lakini Flip hakuwa na anachokitaka, hakuwa na anachokiogopa, na ukishacheka mara moja ule mwendo huna sababu ya kumngoja wiki ijayo. Kule alikotoka, Walt alikuwa akikaa na watu wake kwenye vikao virefu akiigiza wahusika, akikataa vichekesho visivyotokana na tabia ya mtu, akirudisha kazi mara ya tatu na ya nne. Ndiye pia aliyempa Mickey sauti kwa kinywa chake mwenyewe tangu miaka ya mwanzo hadi katikati ya miaka ya 1940. Ile kazi isiyoonekana kwenye karatasi ndiyo aliyokuwa akiifanya mtu asiyechora.

Kwa hiyo anayesema Walt alichora kila kitu amekosea, na anayesema Walt hakufanya kitu amekosea zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika 1928 vilikutana viwili: mkono uliojua kusogeza na kichwa kilichojua kinachosogezwa ni nani. Vilipoachana, kichwa kilipata mikono mingine, maana mikono inafundishika na Walt alilipia darasa la kuwafundisha wachoraji wake. Mkono haukupata kichwa. Methali ya chema chajiuza ni ya mtu mwenye maembe. Katika kazi yetu haijawahi kumlipia mtu kodi ya nyumba.

Wanaopenda majonzi hukomea hapo: Iwerks akashindwa, Septemba 1940 akarudi kwa Disney akiwa mnyonge, basi. Kurudi alirudi. Lakini hakurudi kuchora. Mchoraji mwenye kasi kuliko wote wa kizazi chake aliingia tena kwenye studio ile na kuomba mashine.

Dalili zilikuwepo tangu mapema. Kwenye studio yake, alipotaka picha zenye kina, alijijengea kamera ya tabaka nyingi kwa vyuma, vingine vikiwa vya gari kuukuu la Chevrolet. Michoro inawekwa kwenye vioo vilivyoachana, vingine karibu na lenzi na vingine mbali, na kamera ikisogea miti ya mbele inapita haraka na milima ya nyuma inapita polepole, kama unavyoona ukiwa dirishani mwa basi. Disney walikuja na yao kubwa na kuionyesha kwenye The Old Mill ya 1937. Inasimuliwa pia kwamba Iwerks alipenda mchezo wa kuangusha pini kwa mpira, na siku alipopata alama kamili 300 akaachana nao, kwa kuwa hapakuwa na fumbo jingine la kutatua. Ukiwa na kisa hicho mkononi utaelewa kwa nini hakuirudia penseli. Kuchora alikuwa amekwisha kukutatua.

Haya ndiyo aliyofanya kwa miaka 30 iliyofuata, na ndiyo ningependa niulizwe.

Alifanya kazi ya kuwaweka watu halisi na katuni kwenye picha moja. Alitengeneza mitambo ya kuchapa filamu juu ya filamu, na Akademi ya Filamu ya Marekani ikamtunuku tuzo ya ufundi kwa ajili hiyo. Kisha akashughulikia mateso ya kunakili. Hadi miaka ya 1950 kila mchoro wa penseli ulilazimika kunakiliwa kwa wino juu ya karatasi angavu ya seluloidi, kwa mkono, na idara nzima, wengi wao wakiwa wanawake wenye mikono tulivu kuliko ya madaktari wa upasuaji, ilifanya kazi hiyo mchana kutwa. Iwerks akaichukua teknolojia ya mashine ya kutoa kopi, ya Xerox, akaibadilisha iweze kuhamisha mstari wa penseli moja kwa moja hadi kwenye seluloidi. Filamu ya mbwa wenye madoa, One Hundred and One Dalmatians ya 1961, ilipita kwenye mashine hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Fikiria kuwanakili kwa mkono mbwa wote hao na madoa yao yote. Ukiitazama vizuri utaona mistari ina ukwaruzo wa penseli. Huo ukwaruzo ni mkono wa mhuishaji ambao awali ulikuwa ukipotea chini ya wino.

Halafu kuna taa za njano. Ukitaka kumwondoa mwigizaji kwenye mandhari yake na kumweka kwenye mandhari ya kuchora, wengi walitumia pazia la buluu, na nywele, shela na moshi vilikuwa vikiharibika kingo. Mbinu aliyoiendeleza Iwerks kule Disney pamoja na Petro Vlahos na Wadsworth Pohl ilimweka mwigizaji mbele ya pazia jeupe linalomulikwa kwa taa za mvuke wa sodiamu, zile zenye mwanga wa njano wa aina moja tu. Ndani ya kamera mna kioo maalumu cha pembe kinachogawa mwanga njia mbili. Filamu moja inapata picha ya kawaida ya rangi, bila ile njano. Nyingine inapata njano peke yake, yaani kivuli kamili cha mwigizaji, hadi unywele. Ndiyo maana katika Mary Poppins ya 1964 unaona kitambaa chepesi cha kofia na nyuma yake mchoro, bila ukingo mchafu. Wote watatu walipewa tuzo ya Akademi. Kabla ya hapo Iwerks alikuwa amemsaidia Alfred Hitchcock kuwakusanya ndege kwenye The Birds ya 1963, akapendekezwa kuwania Oscar, akashindwa na Cleopatra.

Alifariki Burbank, California, tarehe 7 Julai 1971, akiwa na miaka 70, bado mtu wa kazi. Mjukuu wake Leslie Iwerks alitengeneza filamu ya kumbukumbu kumhusu mwaka 1999. Wanaotaka zaidi wakaitafute.

Sasa nipeni nafasi nijibu yale mengine haraka, maana ukurasa unaisha na najua bila haya mtaandika barua.

Penseli: yoyote laini inayofutika. Nunua dazeni, nunua na kichongeo.

Kwa mtoto anayependa kuchora: msimnunulie kompyuta kwanza. Mpeni rundo la karatasi zilizotobolewa sawasawa na achore mpira unaodunda. Kisha mpira mzito. Kisha mfuko wa unga wenye huzuni. Akiweza kuufanya mfuko wa unga uwe na huzuni bila kuuwekea macho, njooni tuongee.

Hesabu ya kazi: filamu ya sauti hupita fremu 24 kwa sekunde. Ukishikilia kila mchoro kwa fremu 2, unahitaji 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika. Huna siku za Iwerks. Usianze kazi ya dakika 10 peke yako. Anza na sekunde 30, zimalize, zionyeshe.

Tafuta mwenzako. Kama wewe ni mkono, tafuta kichwa. Kama ni kichwa, heshimu mkono. Na majina yote yaandikwe kwenye hati ya mwanzo, kwa herufi za ukubwa unaosomeka.

Programu zinazodai utabonyeza kitufe upate katuni nzima: zinasogeza, kama Flip alivyosogea. Tabia ya mhusika hazikuletei. Ziwe punda wako, usizipe usukani.

Mkataba: Disney alimpoteza Oswald kwa sababu kwenye karatasi sungura alikuwa mali ya kampuni ya filamu ya Universal, hata kama mikono iliyomchora ilikuwa yao. Ilichukua hadi 2006 kampuni ya Disney kumrudisha, kwa kubadilishana na mtangazaji wa michezo, Al Michaels. Mali bila daftari hupotea bila habari. Soma mkataba kabla ya kuchora, na hisa usiuze siku uliyokasirika.

Wanaomchora Mickey kwenye kuta za shule za chekechea: ndiyo, Plane Crazy na Steamboat Willie ziliingia kwenye milki ya umma nchini Marekani tarehe 1 Januari 2024, na The Skeleton Dance mwaka uliofuata. Hiyo ni sheria ya kule, ni Mickey wa zamani yule mwembamba, na alama ya biashara bado ina mwenyewe. Wa hapa Tanzania aulize ofisi ya hakimiliki, COSOTA, wa Kenya aulize ya kwao, KECOBO, kisha ajiulize kwa nini ukuta wa Temeke au wa Nakuru hauna mnyama wa kwetu.

Yule mzazi nilimpa jibu hili kwa ufupi, akaniona kama namnyima siri. Mwanawe ndiye aliyeniuliza swali la maana wakati wa kuaga: huyo Iwerks aliwezaje kuwaficha wenzake michoro chumbani? Nikamwambia kwa sungura. Akacheka, akafungua daftari, akachora duara.

Hati ya mwanzo ya Steamboat Willie hukaa kwenye skrini sekunde chache tu. Ukiitazama tena, usiiruke. Ina majina mawili.